Nyota tano na nyota moja kwa riwaya ileile ya filamu: nimwamini nani?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni mpenzi wa filamu za anga zenye mapigano. Juzi nimekutana na riwaya yenye jina la filamu niipendayo jaladani, nikasema nisome kwanza maoni ya wasomaji kabla sijatoa pesa. Nimetoka huko nimechanganyikiwa. Mmoja anasema "ni filamu ileile, wameiandika tu." Wa pili anasema "haifanani kabisa na filamu." Wa tatu kaipa nyota tano kwa neno moja: "Moto!" Wa nne anasema wahusika hawana uhai. Nimwamini nani? Na nikishaisoma nami nataka kutoa maoni yangu. Niandike nini ili yamsaidie mwenzangu?

JIBU: Ndugu, hao wanne huenda wote wanasema kweli. Kila mmoja amekuja na pishi yake ya kupimia, na hakuna aliyetaja ni pishi gani. Ukitaka maoni yao yakufae, jiulize kwanza swali ambalo karibu hakuna anayelijibu: mwandishi wa riwaya hii alipewa nini mkononi alipoketi kuandika? Ukishalijua hilo, nusu ya malalamiko utayaelewa bila kufungua kitabu, na nusu ya sifa pia.

Chini ya jalada lenye jina la filamu huweza kukaa vitabu vya aina tofauti kabisa. Ya kwanza ni riwaya iliyotokana na skripti: filamu inatengenezwa, na mwandishi analipwa aigeuze skripti kuwa kitabu. Ya pili ni hadithi mpya ndani ya ulimwengu wa filamu, yaani wahusika au viumbe ni walewale lakini tukio halijawahi kuonekana kwenye kioo. Ya tatu ni riwaya iliyotangulia filamu, ambayo mchapishaji ameirudisha sokoni na sura za waigizaji jaladani. Ipo na ya nne isiyojulikana sana, riwaya iliyotokana na vitabu vya katuni ambavyo navyo vilitokana na filamu. Kutambua aina ni kazi ya dakika moja. Fungua ukurasa wa haki miliki, ule wenye mwaka na jina la mchapishaji, kisha usome maandishi madogo. Ukikuta imetajwa kuwa msingi wake ni skripti ya fulani, hiyo ni ya kwanza. Ukikuta kampuni ya filamu ndiyo yenye haki lakini skripti haikutajwa, mara nyingi ni ya pili. Mwaka wa toleo la kwanza ukiwa umeitangulia filamu kwa miaka mingi, ni ya tatu.

Sasa tuwarudie hao wa kwanza wawili, aliyesema "ni ileile" na aliyesema "haifanani." Kama riwaya ni ya aina ya kwanza, wote wawili wana haki, na sababu ni saa za kazi. Filamu ikitoka, kitabu kinatakiwa kiwe dukani siku hiyohiyo au kabla yake. Kwa hiyo mwandishi huanza kabla filamu haijakamilika, mara nyingi akiwa na wiki chache tu. Anachopewa ni skripti, labda na picha chache za mavazi na vyombo. Filamu yenyewe hajaiona, na wahariri wa filamu bado wanakata. Tukio linalotupwa jikoni mwao linabaki kitabuni, na sentensi aliyoibuni mwigizaji mbele ya kamera haimo.

Mfano mzuri ni riwaya ya Alien, filamu ya kiumbe wa kutisha ndani ya chombo cha anga, ya mwaka 1979, aliyoiandika Alan Dean Foster. Hakuonyeshwa kiumbe mwenyewe anafananaje. Fikiri hadithi nzima inamzunguka mnyama ambaye mwandishi hajawahi kumwona! Ndiyo maana humo kiumbe anaelezwa kwa vivuli na kwa hofu ya wanaomkimbia kuliko kwa umbo. Msomaji anayekuja leo na sura ya kiumbe yule kichwani anaona maelezo hayatoshi, anakata nyota. Lakini kitabu hichohicho kina tukio la mtu aliyenaswa hai ndani ya utando, ambalo sinema ya 1979 ililiacha na likaja kurudishwa ndani ya filamu kwenye toleo la 2003. Aliyesoma kitabu alikuwa nalo miaka zaidi ya 20 kabla. Kwa hiyo "haifanani" inaweza kuwa sifa au lawama kutegemea nani anasema, na mtoa maoni asiyetaja tofauti yenyewe hajakuambia kitu.

Hesabu nyingine inayosaidia ni hii. Skripti ya filamu ya saa mbili ina kurasa kama 120, kwa kadirio la ukurasa mmoja kwa dakika, na maneno yake ni kama 20,000 tu, maana nusu ya karatasi ni nafasi tupu. Riwaya inatakiwa ifike maneno 70,000 au 80,000. Hayo yaliyobaki yanatoka wapi? Mwandishi mvivu anayajaza kwa kueleza kila mlango, kila taa na kila bunduki, na huyo ndiye anayeambiwa "filamu ileile, wameiandika tu." Mwandishi mwenye moyo anaingia mahali ambapo kamera haifiki. Orson Scott Card alipoandika riwaya ya The Abyss mwaka 1989, alianza na sura za maisha ya nyuma ya wahusika wakuu, na mwongozaji James Cameron akawapa waigizaji wake sura hizo wazisome. Kitabu kikageuka kuwa msaada kwa filamu badala ya kuwa kivuli chake.

Wakati mwingine mwandishi hurekebisha kosa la filamu kabisa. Mwaka 1966 Isaac Asimov aliandika riwaya ya Fantastic Voyage, kuhusu nyambizi na watu wake waliopunguzwa wakawa wadogo kuliko chembe, wakaingizwa mwilini mwa mgonjwa kwa dakika 60 tu. Katika filamu, chembe nyeupe ya damu inaimeza nyambizi na mabaki yanaachwa mwilini, wakati muda ukiisha kila kitu kinarudi ukubwa wake. Mgonjwa angepasuka. Asimov aliliona hilo, akahakikisha kitabuni chembe ile inavutwa hadi nje kupitia jichoni pamoja na mabaki iliyoyameza. Na kwa kuwa aliandika upesi, kitabu kilitoka kabla ya filamu, na mpaka leo wapo wanaoamini filamu ndiyo iliyotokana na kitabu. Ukiona maoni yanayosema "filamu imeharibu kitabu cha Asimov," mtoa maoni amekosea aina.

Aina ya pili, hadithi mpya, ina malalamiko yake. La kawaida zaidi ni "mwisho wake nilishaujua, steringi hafi." Ni kweli, na si uzembe wa mwandishi. Mwenye haki ya filamu humruhusu achezee wahusika kwa sharti awarudishe kama alivyowakuta, kwa sababu filamu inayofuata inawahitaji. Hapa namwaga mtama kidogo, asiyetaka aruke aya hii. Alien: Out of the Shadows ya Tim Lebbon, ya mwaka 2014, imewekwa ndani ya ile miaka 57 ambayo Ripley, steringi wa filamu za Alien, amelala usingizi wa safarini kati ya filamu ya kwanza na ya pili. Lakini filamu ya pili inamwonyesha hajui lolote lililotokea katikati. Mwandishi afanye nini? Mwishoni kumbukumbu zake zinafutwa. Wasomaji wengine huona wamechezewa, wengine huona ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi. Mimi nasimama na hawa wa pili, ila nasema pia kwamba riwaya ya aina hii inapaswa kuhamishia taharuki kwa wahusika wapya, wale ambao lolote laweza kuwapata. Kwa hiyo ukisoma maoni, tafuta kama kuna mtu amemtaja mhusika mpya kwa jina na kueleza kwa nini alimjali. Kama maoni 20 yote yanamtaja steringi peke yake, wahusika wapya wamekufa kabla hawajauawa, na yule wa nne wako aliyesema hawana uhai huenda yuko sahihi.

Lalamiko jingine la aina hii ni "inapingana na filamu." Hapo angalia miaka kabla hujakubali. Earth Hive ya Steve Perry, iliyotoka 1992, ilitokana na katuni za mwisho wa miaka ya 1980 ambazo ziliendeleza maisha ya Newt na Hicks, walionusurika pamoja na Ripley kwenye filamu ya pili ya Alien. Mwaka huohuo wa 1992 ikaja Alien 3, na wote wawili wakauawa mwanzoni. Riwaya ikabidi iwabadilishe majina: Newt akawa Billie, Hicks akawa Wilks. Anayesoma bila kujua hilo anaona wahusika wa ajabu wenye makovu ya watu wengine. Tena, tarehe 25 Aprili 2014, Lucasfilm, kampuni yenye filamu za Star Wars, ilitangaza kwamba riwaya za zamani za Star Wars zitaitwa Legends, yaani ni hadithi tu nje ya historia rasmi. Baada ya hapo maoni ya vitabu vingi yakajaa ugomvi wa kama kitabu "kinahesabika" au "hakihesabiki." Wapo hata walioziadhibu riwaya mpya kwa nyota moja kwa uchungu wa zile za zamani. Maoni ya namna hiyo yaruke, maana yanahukumu uamuzi wa kampuni, na aliyeandika aya ulizoshika mkononi hakushirikishwa.

Tuje kwenye kiini cha riwaya ya mapigano, mahali ambapo watoa maoni wengi huishia kusema "action kali" au "action inachosha" bila kueleza. Kwenye filamu, macho yako yanaona nani yuko wapi. Kwenye kitabu huoni chochote usichoambiwa. Soma aya hizi mbili nilizoziandika kwa ajili ya mfano.

"Risasi zilimiminika kila upande. Milipuko iliutikisa ukumbi. Sajini alipigana kama simba, akiwaangusha maadui mmoja baada ya mwingine, huku moshi ukitanda na kelele zikizidi."

"Sajini alibakiwa na risasi sita. Mlango wa chuma ulikuwa hatua kumi nyuma yake, na ulihitaji sekunde tisa kujifunga. Fundi alikuwa bado upande wa pili, amelala juu ya mguu wake uliovunjika. Sajini alibonyeza kitufe, kisha akakimbilia mbele."

Ya kwanza ina kelele, lakini ukiifuta hakuna kinachopungua. Ya pili haina mlipuko hata mmoja, na bado unahesabu sekunde. Tofauti yake inapimika: unajua umbali, unajua kilichobaki, unajua saa inakwenda, na kuna mtu wa kupoteza. Juu ya hapo, mtu amechagua. Ukitaka kujua kama mapigano ya riwaya ni mazuri, chukua tukio moja ujiulize mambo hayo. Kisha uliza: tukio likiisha, nini kimebadilika? Kama wote wana silaha zilezile, majeraha hayapo, na safari inaendelea pale ilipokuwa, tukio hilo ni pambo. Riwaya yenye mapambo manne mfululizo ndiyo inayoitwa "inachosha," hata kama kila pambo limeandikwa kwa ustadi.

Sayansi nayo ina kipimo chake, ingawa hapa nisiwe mkali. Riwaya ya filamu hurithi makosa ya filamu: milipuko yenye sauti mahali pasipo na hewa, vyombo vinavyokata kona kama ndege. Mwandishi haruhusiwi kuyafuta yote. Kinachodaiwa kwake ni uthabiti. Kama ukurasa wa 40 umesema silaha inahitaji dakika tano kujichaji, ukurasa wa 210 usiifyatue mara mbili kwa dakika moja. Kosa la aina hii ni la mwandishi na mhariri wake, na mtoa maoni anayelitaja kwa ukurasa anastahili kusikilizwa kuliko kumi wanaosema "sayansi mbovu."

Basi, ukiwa mbele ya maoni hayo, fanya hivi. Usianze na wastani. Wastani wa nyota tatu unaweza kutoka kwa watu 100 waliotoa tatu, au watu 50 waliotoa tano na 50 waliotoa moja, na hivyo ni vitabu viwili tofauti. Tazama mgawanyo. Ukiona umejaa ncha mbili na katikati pamekauka, ugomvi kwa kawaida unahusu filamu au historia rasmi kuliko uandishi. Kumbuka pia kwamba nyota hazina maana moja kila mahali: Goodreads, mtandao wa maoni ya vitabu, nyota mbili ni "kinaridhisha" na tatu ni "nimekipenda," wakati kwenye duka la Amazon tatu ndiyo iliyokuwa "kinaridhisha." Ukilinganisha bila kujua hilo unakionea kitabu.

Kisha soma maoni ya nyota tatu na nne kwanza, kama kumi hivi. Hao kwa kawaida wamelazimika kueleza kwa nini hawakutoa tano. Andika pembeni kila kasoro inayotajwa kwa mahali: sura, ukurasa, jina la mhusika, tukio. Kasoro ikitajwa na watu watatu wasiofuatana, ichukue kuwa ipo. Ikitajwa na mmoja, ni ladha yake. Maoni yaliyoandikwa siku za mwanzo yasome kwa tahadhari, kwa sababu wengi wao ni waliopewa nakala mapema au mashabiki waliokuwa wakisubiri kwa hamu. Si waongo, ila hawako katika hali yako. Angalia pia kama mtu anazungumzia kitabu cha kusikiliza. Kwenye maduka mengi ya mtandaoni maoni ya karatasi, ya kidijitali na ya sauti hukusanywa pamoja, kwa hiyo "inaboa" inaweza kuwa inamhusu msomaji wa sauti. Na anayelalamika kuwa kifurushi kimefika kimekunjamana, mpe pole upite.

Huyo wa "Moto!" naye usimdharau. Amekuambia kwamba alifurahi. Fungua maoni yake mengine uone kafurahia nini tena. Kama orodha yake inafanana na yako, neno lake moja lina uzito kuliko insha ya mtu asiyependa riwaya za mapigano kabisa.

Baada ya hapo jisomee mwenyewe sampuli ya bure. Matoleo ya kidijitali kwa kawaida hukupa mwanzo wa kitabu, karibu asilimia 10. Chukua kurasa kumi, hesabu sentensi ambazo kamera isingeweza kuzinasa: wazo, harufu, kumbukumbu, maumivu, mashaka. Ukipata moja au mbili tu katika kurasa zote, utapata filamu iliyoandikwa. Zikiwa nyingi lakini hadithi haisogei, mwandishi anajaza maneno. Unachotafuta ni pale ambapo wazo la mhusika ndilo linalosababisha hatua inayofuata.

Kuhusu maoni yako mwenyewe, maneno 250 hadi 300 yanatosha. Anza kwa kutaja aina ya riwaya, toleo ulilosoma na umbo lake, na kama filamu umeiona au la. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalobadilisha kila kitu: aliyeona filamu mara tano na ambaye hajaiona wanasoma vitabu viwili. Kisha chukua tukio moja, moja tu, ulieleze kwa karibu kiasi cha mtu kuona mwandishi anafanyaje kazi. Usisimulie msuko mzima. Muhtasari uko nyuma ya jalada, na wewe hukuombwa kuurudia. Taja kasoro pamoja na ukurasa wake. Sema ni msomaji gani atakipenda hata kama wewe hukukipenda. Kama kuna siri, iweke mwishoni na onyo juu yake, usimwage mtama mbele ya ambaye bado hajafika.

Jihadhari na lawama zinazomwangukia asiyehusika. Kifo cha mhusika umpendaye, jina la sayari, mwisho ulioachwa wazi kwa ajili ya filamu ijayo, yote hayo mara nyingi yameamuliwa na wenye filamu. Hata jina lililoko jaladani si ushahidi tosha. Riwaya ya kwanza ya Star Wars ilitoka 1976, miezi kadhaa kabla ya filamu, ikiwa na jina la George Lucas, na aliyeiandika ni huyohuyo Foster. Sifia na kosoa kilicho cha mwandishi: sentensi zake, mtazamo aliouchagua, namna alivyoyapanga mapigano, na uhai aliowapa watu wadogo wadogo ambao filamu iliwapitia mbio.

Na ukikwama njiani usijilazimishe. Andika kwamba uliishia ukurasa wa 60, taja kilichokusimamisha hapo, na kama inawezekana nafasi ya nyota uiache wazi.